JOSHI NA DEMANI: SOMO LA SIKU MOJA YA MVUA KATIKA NCHI YA FYODI

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, hawakutuambia kwa nini wingu lile lile humwaga maji upande mmoja wa mlima na kuupita upande wa pili kana kwamba halikuuona. Katika makala haya nataka tulitafute jibu la swali hilo pamoja. Mfano wetu utakuwa siku moja ya mvua huko Norwe, nchi ya fyodi, mwishoni mwa Juni 2025. Siku hiyo mjomba wangu, ambaye ni muuguzi mjini Bergen, alikuwa safarini kwa gari pamoja na mkaza mjomba na binti yao wa miaka sita. Walikuwa wamebeba hema, magodoro ya kukunja na sufuria mbili. Mjomba alinisimulia yote alipokuja likizo, ramani ikiwa mezani, nami nikayaandika.

Sababu zangu za kuandika ni mbili. Kwanza, fyodi, mito ya barafu na mvua ya milimani ni mambo tunayosoma katika Jiografia, lakini wengi wetu huyakariri kwa Kiingereza kama kasuku na kuyasahau mtihani ukiisha. Pili, baadhi ya wenzangu darasani husema eti Kiswahili ni lugha ya mashairi na ngano tu, na kwamba kikikutana na sayansi hutoka mbio. Hebu tukipe Kiswahili kazi hii tuone kama kitakimbia.

1. FYODI NI NINI?

Fyodi ni mkono mrefu na mwembamba wa bahari ulioingia katikati ya milima, kingo zake zikiwa zimesimama wima kama kuta. Bonde lenyewe halikuchimbwa na bahari. Lilichimbwa na barafu.

Zamani, katika enzi za barafu, nchi ya Norwe ilifunikwa na barafu nene sana. Barafu hiyo haikutulia. Iliteremka polepole kuelekea baharini, ikifuata mabonde ya mito yaliyokuwapo tangu awali. Ilikuwa imebeba mawe chini yake, na mawe hayo yakaikwangua miamba kama msasa unavyokwangua mbao. Mto wa maji huchimba bonde lenye umbo la herufi V. Mto wa barafu hulipanua na kuliteremsha chini hadi likawa na umbo la herufi U. Barafu ilipoyeyuka, miaka elfu kumi na zaidi iliyopita, bahari iliingia katika mabonde hayo, na fyodi zikazaliwa.

Fyodi ndefu kuliko zote nchini humo ni Sognefjord. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 200 na kina chake kinafika takriban mita 1,300. Jambo la ajabu ni kuwa mlangoni, pale inapokutana na bahari kuu, kina ni kidogo zaidi. Sababu ni kwamba barafu ilipofika huko ilikuwa imekonda na kuanza kuelea, kwa hiyo haikuwa na nguvu ya kuchimba kama kule ndani. Hivyo fyodi ni kama chungu: ina kina tumboni, na mdomoni kuna kizingiti.

Tusije tukachanganya fyodi na bandari yetu ya Kilindini. Kilindini pia ni bonde lililoingiwa na bahari, ila lilichimbwa na mito ya maji wala si barafu. Na hapa tayari Kiswahili kinatusaidia, kwa maana kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu. Wazee waliopaita Kilindini walikuwa wanajiografia bila kuingia darasani.

2. MVUA YA HUKO HUTOKA WAPI?

Mji wa Bergen uko pwani ya magharibi, takriban nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta. Kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Nairobi hupata kama nusu ya kiasi hicho. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2006 hadi Januari 2007, mvua ilinyesha Bergen kwa siku 85 mfululizo bila kukosa hata moja! Mjomba husema kuwa huko mtoto huweza kusahau kitabu akienda shuleni lakini si koti la mvua.

Mvua hiyo ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kukutana kwa hewa. Hewa baridi kutoka upande wa ncha ya kaskazini hukutana na hewa ya uvuguvugu kutoka kusini. Ile ya uvuguvugu, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda juu ya ile baridi, hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa matone. Mahali hewa mbili zinapopambana wataalamu wamepaita kwa jina lenye maana ya mstari wa vita, na jina hilo lilibuniwa huko huko Bergen. Mwaka wa 1917 mtaalamu Vilhelm Bjerknes alihamia mjini humo, na yeye na wenzake, akiwemo mwanawe Jacob Bjerknes, wakaanza kuchunguza hali ya hewa ya pwani hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, ndiyo maana waliona hewa kama majeshi mawili. Kumbe mvua iliyowachosha watu wa Bergen ndiyo iliyoufunza ulimwengu kutabiri mvua!

Chanzo cha pili ni milima. Upepo utokao Bahari ya Atlantiki huja umejaa mvuke. Unapoigonga milima hauna njia ila kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa hushindwa kubeba mvuke wote, kwa hiyo huumwaga. Ukishavuka kilele na kuteremka upande wa pili, hewa hupata joto tena na mawingu hutoweka. Upande wa pili basi hubaki mkavu.

Na sasa nije kwenye maneno niliyoyaweka kichwani mwa makala. Vitabu vyetu vya Kiingereza vina maneno maalum ya upande unaopigwa na upepo na upande uliokingwa nao. Je, Kiswahili kina nini? Mabaharia wa pwani yetu walikuwa nayo zamani! Upande wa chombo unaoelekea upepo huitwa joshi, na upande ule upepo unakoelekea huitwa demani. Ndiyo sababu tukasema dau la mnyonge haliendi joshi: chombo dhaifu hakiwezi kukabili upepo. Basi kama chombo kina joshi na demani, mlima nao unakosaje? Mlima ni jahazi lililotia nanga.

3. SIKU YENYEWE

Mjomba na jamaa yake waliondoka Bergen asubuhi kwa barabara kuu ya E16. Mpango ulikuwa wapite Voss, wafike Gudvangen, wapige hema hapo na kesho yake wapande feri kuitazama Nærøyfjord. Hiyo ni tawi la Sognefjord, nayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2005. Mahali pake pembamba kabisa upana ni kama mita 250 tu, nayo majabali ya kando yanapanda zaidi ya mita 1,000.

Walipoondoka palikuwa na manyunyu tu, yale ya kulowesha nywele. Kabla ya Voss mvua ikawa ya kumwaga. Waipa za gari zilifanya kazi bila kupumzika. Barabara hiyo hupita baina ya maji na mwamba, ikiingia handaki moja na kutokea jingine, nayo inajulikana kwa maporomoko ya mawe. Kwa hiyo mjomba alipunguza mwendo na kukaa mbali na lori lililokuwa mbele. Walipolipita poromoko la Tvindefossen hawakuweza hata kufungua kioo kupiga picha, maana lilikuwa limefura na kunyunyiza maji hadi barabarani.

Walifika Gudvangen saa tisa alasiri. Majabali yalikuwa hayaonekani vilele, mawingu yameyakata katikati. Maporomoko membamba yalishuka kila upande kama nyuzi nyeupe. Mjomba anasema ulikuwa uzuri wa kutisha. Lakini mtoto alikuwa ametoka garini kucheza kwenye madimbwi, maji yakamwingia hadi kwenye soksi, na sasa alikuwa akitetemeka na kukohoa. Joto lilikuwa nyuzi 9 tu. Kila mtu alikuwa amechoka, nalo hema lilikuwa nyuma ya gari likingoja.

4. TUPIGE HEMA WAPI?

Norwe ina sheria nzuri ya mwaka wa 1957 inayompa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea na kulala porini katika ardhi isiyolimwa. Masharti ni kwamba hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu, usikae zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila ruhusa ya mwenyewe, na uache mahali safi kama ulivyopakuta. Mjomba aliona kijiuwanja cha nyasi chini ya mteremko, kando ya kijito, mbali na nyumba. Kwa sheria palifaa kabisa.

Mkaza mjomba ndiye aliyekataa. Yeye alilelewa kwenye miteremko ya Murang'a, na udongo anaujua.

"Baba, hebu tazama mawe haya," akamwambia. "Hayana kuvu wala majani juu yake. Yameanguka juzijuzi. Na hicho kijito kilikuwa cheupe tulipofika, mbona sasa kimekuwa rangi ya chai?"

Wasomaji wapenzi, naomba mshike maneno hayo mawili kwa sababu yanaweza kuokoa maisha. Mawe mapya chini ya mteremko yana maana kwamba mteremko bado unatupa mawe. Kijito kinachobadilika ghafla kuwa na matope, au kinachopungua maji wakati mvua ingali inanyesha, kina maana kwamba huko juu udongo umeanza kusogea au umekiziba. Miti iliyoinama na nyufa mpya ardhini ni dalili hizo hizo. Mahali pa hivyo watu huondoka kwanza, maswali baadaye.

Nchi ya fyodi imejifunza hayo kwa machozi. Katika bonde la Loen, mwaka wa 1905, pande la mlima wa Ramnefjell liliangukia ziwani, likazua wimbi lililowaua watu 61. Mwaka wa 1936 mlima ule ule uliporomoka tena, wakafa 74. Baina ya misiba hiyo, mwaka wa 1934, jabali lilianguka katika fyodi ya Tafjord na watu 40 wakapoteza maisha. Siku hizi wataalamu huipima milima ya hatari kwa mitambo usiku na mchana, lakini mitambo hiyo haiwezi kukaa juu ya kila kijito.

5. JOSHI AU DEMANI?

Basi hawakupiga hema hapo. Swali likawa: warudi Voss au waendelee mbele? Voss walikuwa wanaijua, na kurudi kulionekana rahisi. Kwanza walimvua mtoto nguo zote mbichi, wakampangusa, wakamvisha sweta kavu na soksi za sufu, wakampa chai ya moto ya chupa. Hilo lilitangulia kila kitu, maana nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili upesi, na mtoto mdogo hupoa kabla ya mtu mzima.

Kisha mjomba akatazama taarifa ya hali ya hewa kwenye simu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini-magharibi, na mvua ingeendelea hadi kesho yake. Hapo ndipo Jiografia ya kidato cha tatu ilipomjia. Ikiwa upepo unatoka magharibi, Bergen na Voss ziko upande wa joshi. Kurudi ni kuifuata mvua inakotoka. Mbele yao, kuelekea mashariki, kulikuwa na milima mirefu, na nyuma ya milima hiyo kuna Lærdal, upande wa demani. Kwa mwaka Lærdal hupata mvua ambayo ni takriban robo tu ya ile ya Bergen, hata wakulima wa huko hulazimika kunyunyizia mashamba yao maji. Tena ilikuwa mwendo wa saa moja hivi.

Wakaendelea. Walipita handaki la Gudvangen lenye urefu wa kilomita 11 na zaidi, wakapita Flåm na Aurland mvua ikiwa ingali inanyesha ingawa sasa ilikuwa rasharasha. Kisha wakaingia handaki la Lærdal. Hili lilifunguliwa mwaka wa 2000 na lina urefu wa kilomita 24.5. Hakuna handaki jingine la magari duniani linalolishinda kwa urefu. Kwa kuwa mwendo wa dakika ishirini gizani huweza kumlaza dereva, wajenzi walichimba kumbi tatu ndani yake zenye taa za buluu, ili macho yapate kitu kipya. Binamu yangu alipoona ukumbi wa kwanza aliuliza kama kumekucha.

Walipotokea upande wa pili, lami ilikuwa kavu. Mawingu yalikuwapo, lakini yalikuwa juu na mepesi, na kwa mbali palionekana kipande cha mbingu. Walipata kambi ya kulipia kwenye uwanda, mbali na miteremko, wakapigilia vigingi vya hema bila haraka. Haikuwa lazima kukimbizana na giza kwa sababu mwezi wa Juni jua la huko huzama baada ya saa tano usiku. Mtoto alilala mkavu na asubuhi hakuwa na homa.

Jambo moja zaidi. Usiku ulipopoa, mjomba alitaka kuliingiza jiko hemani wapate joto. Mkaza mjomba akakataa tena, na alikuwa na haki. Jiko linalowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na humuua mtu usingizini. Hema lililofungwa na chumba kilichofungwa ni mamoja.

6. YANATUHUSU NINI?

Msomaji anaweza kuuliza: "Sisi na Norwe wapi na wapi?" Nami nitamjibu kuwa tuna Mlima Kenya. Mabonde ya Teleki na Gorges huko juu yana umbo la herufi U kwa sababu yalichimbwa na mito ya barafu kama yale ya Norwe. Tofauti ni kwamba bahari haiwezi kupanda kuyajaza. Barafu iliyobaki mlimani kwetu nayo inazidi kupungua.

Pia tuna joshi na demani yetu. Pepo zetu za mvua hutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana Embu, Chuka na Meru zilizo upande wa joshi ni za kijani, ilhali nyanda za Laikipia, upande wa demani, ni kavu. Mtu wa Nanyuki na mtu wa Chuka wanatazama mlima mmoja lakini hawanunui koti la mvua kwa idadi moja.

Zaidi ya hayo, tuna maporomoko. Novemba 2019 udongo uliporomoka Pokot Magharibi usiku na kuua zaidi ya watu 50. Chesongoch, katika Elgeyo Marakwet, ililia mwaka wa 2020 na ikalia tena mwaka wa 2025. Sisi wa shule ya kutwa hatusomi habari hizi kama za mbali. Kila masika tunapita kwa miguu chini ya kingo zilizokatwa za barabara, na tunavuka vijito kwenda na kurudi. Mwenzetu akisema "kijito kimebadilika rangi", tusimcheke. Turudi nyuma, tupite njia nyingine, tufike tumechelewa. Mwalimu wa zamu huweza kusamehe, udongo hausamehi. Na majira ya baridi yakifika, jiko la makaa tulitoe nje kabla ya kulala.

Kuhusu Kiswahili, nadhani kimejitetea chenyewe. Kimeeleza barafu, fyodi, upepo na mvua, na pale nilipodhani nitakwama, mabaharia wa zamani walinipa joshi na demani.

MSAMIATI

Joshi: upande unaokabili upepo.
Demani: upande upepo unakoelekea, uliokingwa.
Fyodi: mkono wa bahari ndani ya bonde lililochimbwa na barafu.
Kilindi: mahali penye maji ya kina kirefu.
Manyunyu, rasharasha: mvua nyepesi ya matone madogo.
Handaki: njia iliyochimbwa kupita ndani ya mlima au chini ya ardhi.
Kigingi: kijiti au chuma cha kushikilia kamba ya hema.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti mbili kati ya Kilindini na Sognefjord.
2. Kwa nini fyodi huwa na kina kidogo mlangoni kuliko ndani?
3. Kama upepo wa siku ile ungetoka mashariki, je, mjomba angefanya vyema kwenda Lærdal? Toa sababu.
4. Taja dalili nne zinazoonyesha kuwa mteremko unaweza kuporomoka.
5. Chora njia yako ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Tia alama mahali ambapo hupaswi kusimama wakati wa mvua kubwa, kisha mwonyeshe mdogo wako.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.